Samaki wa Ziwa, Samaki wa China

Mama wa samaki pale mtaani Gatwekera hadanganyi mtu. Hata hujauliza bei, anakuonyesha kwa kijiti: "Hizi ni za ziwa, hizi ni za China. Usiseme sikukuambia." Wa China ndio huisha kwanza, maana ni wa bei nafuu, ndio mifuko ya wateja inawaweza. Naye huwakaanga kwa subira ileile ya wale wa ziwa, akiwageuza kwa vidole visivyoogopa mafuta. Jana mzee Oyoo, jirani yake asiyeona vizuri, alipewa wa China akaonja kabla hajaambiwa. Akafumba macho. "Hii imetoka kwetu ziwani. Tangu nitoke nyumbani sijaonja samaki kama hii." Mama alikiweka chini kile kijiti, akamwongezea mchuzi. "Kula, baba," akamwambia. "Ni ya kwetu."