Joka Lilitangulia Kufutwa

Ofisini kwao Bandung, Yayat Rukmana aliitwa Kang na kila mtu, kaka mkubwa, na alisifiwa kwa unadhifu. Msimbo wa gemu zake ulipangika kama kabati la bibi harusi: makubwa juu, madogo chini. Hata usafi wa mwisho wa pambano aliupanga hivyo. Futa joka, futa moto wake, kisha simamisha kipima muda kinacholiamuru joka liteme moto kila sekunde.

Neneng, mtengenezaji wa sauti waliyemwita Teh, dada, aliliona kosa Ijumaa moja Kang akieleza mpangilio huo, wote wakiwa sakafuni wanakula wali juu ya jani moja refu la mgomba, kama ilivyo desturi yao.

"Kang, hapo umekunja jani watu bado wanakula," alisema. "Kipima muda hakijui kama joka limeondoka. Kikiliita, nani ataitika?"

"Teh, wewe shughulika na ngurumo. Usafi niachie mimi."

Watu wakacheka. Kang naye akacheka, akachukua kipande cha mwisho cha tempe, soya ya kukaanga.

Siku ya maonyesho, mbele ya wageni waliokuja kuchagua gemu ya kudhamini, joka lilikufa vizuri sana. Kisha kila kitu kikaganda, ngurumo moja ikabaki inajirudia kwenye spika kama mzee aliyesahau alichotaka kusema. Kwa kuwa kilichosikika ni sauti, Kang Yayat akailaumu sauti. Alieleza kwa upole, kwa istilahi nyingi, na wakubwa wakaafiki kwa vichwa. Neneng akafungasha vifaa vyake vya sauti. Jumatatu meza yake ilikuwa tupu.

Kosa lenyewe Kang Yayat alilipata baada ya wiki tatu, maana lilijitokeza pale tu kipima muda kilipolia katika upenyo mdogo kabla ya kusimamishwa, joka likiwa limeshafutwa. Dawa ilikuwa kupandisha mstari mmoja, ule wa kipima muda, juu ya ile miwili ya kufuta. Ilimchukua nusu dakika.

Ujumbe kwa Neneng ulimchukua siku mbili. Mwishowe aliandika: "Teh, nilikuwa mimi. Rudi."

"Najua, Kang. Nilikwambia, ila mdomo wako ulikuwa umejaa tempe. Huku nimeshaanza kazi mpya."

Ijumaa iliyofuata jani lilitandikwa kwa urefu uleule. Watu walipomaliza, Kang Yayat akazuia lisikunjwe. Wali uliobaki ukakauka. Walimuuliza anamsubiri nani, akasema anahakikisha tu kwamba wote wameshakula.