Kijana Aliyesomea Ufa wa Chumbani Kwetu

Kwao walimcheka kabla hajaondoka. Vijana wa mtaa wao waliokwenda kusomea uhandisi walipanda ndege wakavuka bahari. Yeye alipanda basi, akavuka mipaka miwili kwa siku mbili na nusu, akateremka kwenye chuo kikuu cha kwetu na begi moja na rula ya chuma. Mjomba wake alikuwa amemwambia, "Wenzako wanavuka bahari, wewe unavuka mto. Utarudi na nini, samaki?"

Lakini kijana alikuwa na sababu. Mama yake mzazi ni mwalimu wa shule ya msingi, na madarasa ya shule hiyo yalikuwa yamejengwa mara tatu na kupasuka mara tatu. Wakati anaondoka, darasa la nne walikuwa wanasomea nje. Alisema ng'ambo wana mashine za kila aina, ila udongo kama wa kwao hawana. Sisi tunao. Ni ule mzito mweusi, unaovimba ukinywa maji na kunywea ukikauka, na nyumba iliyo juu yake inapanda na kushuka kama mtu anayepumua. Alitaka kurudi kwa mama yake na jibu.

Tulimpa chumba cha uani. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha wanangu, ila alikipanga kama matofali, neno juu ya neno. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na katika watoto arobaini na mmoja nilikuwa wa pili. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu. Kwa hiyo msomi nikimwona namjua, na yule alikuwa msomi.

Mume wangu ni mwashi, amejenga miaka arobaini. Watu humwita Timazi, kwa sababu ile kamba yake yenye kipande cha chuma, ya kupimia kama ukuta umesimama wima, haitoki mfukoni. Hata msibani ataitoa, apime ukuta wa marehemu, atikise kichwa, ndipo atoe pole. Dada yake, wifi yangu, anakaa upande wa pili wa nyumba hiyohiyo. Ukuta wetu ndio ukuta wake, na masikio yake anayaegemeza hapo.

Basi msimamizi wa kijana kule chuoni akamwambia atafute nyumba yenye ufa, aupime kila siku kwa miezi kumi na miwili, kiangazi mpaka kiangazi. Bila hivyo hakuna shahada, na ufadhili wake ulikuwa unakwisha mwaka huohuo. Kijana akapita mitaa mitatu akibisha hodi. "Samahani, mna ufa?" Hakuna aliyekuwa nao. Mama mmoja alimjibu huku ameziba kwa mgongo tundu ambalo kuku angepita na vifaranga vyake. Ufa wa nyumba ni kama ulevi wa mume: mtaa mzima unajua, mwenyewe ndiye hajui.

Mimi pia nilimwambia, "Hii ni nyumba ya mwashi, baba. Ufa utafute kwingine."

Wiki hiyo nikaletewa kabati la nguo, la mbao nzito, linahitaji wanaume wanne. Kijana akawa mmoja wao. Walipolitua chumbani akasimama anafuta jasho, anatazama ukuta wa upande wa kitanda.

"Mama," akasema kwa adabu, "pazia lile mbona halina dirisha?"

Akalishika ncha, akalifunua taratibu. Ufa wangu ulikuwa pale, kutoka darini unashuka mpaka usawa wa mto wa kulalia. Kijana akatabasamu kama mtu aliyemwona ndugu yake kituoni.

"Huo si ufa," mume wangu akasema kutoka mlangoni. "Huo ni mstari."

"Ni mstari mzuri sana, mzee," kijana akajibu. "Naomba nisome hapa."

Kesho yake akaleta barua ya chuo yenye mhuri. Iliandikwa kwamba ufa huu, namba moja, usizibwe, usipakwe rangi, usigongwe wala usifunikwe kwa miezi kumi na miwili. Akaibandika ukutani. Tangu siku hiyo nikawa nalala chini ya mali ya chuo kikuu. Mimi niliyekuzwa kwa ile methali, kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, mimi ambaye mwalimu wa darasa la nne alinifanya niiandike mara hamsini, sasa nimekatazwa kwa mhuri.

Alibandika skrubu mbili ndogo kwa gundi, moja kila upande wa ufa. Kila siku saa moja asubuhi alikuja na kalipa yake, kile chombo chenye taya mbili za chuma, apime kutoka skrubu mpaka skrubu.

"Hodi."

Mume wangu alivuta shuka mpaka kidevuni. "Pita, daktari. Mgonjwa wako yuko palepale."

"Ameamkaje?"

"Amepanua mdomo."

Kijana alipima, akaandika daftarini, akatushukuru, akaondoka kinyumenyume ili asitupe mgongo. Na hakupima tu. Ndani ya ufa walikaa sisimizi, nao akawaandika. Mvua zilipoanza ardhi ikavimba, ufa ukapungua, sisimizi wakawa wanatoka mmoja mmoja kama watu wa foleni. Mvua zilipokolea ukafunga kabisa, sisimizi wakatoweka, mume wangu akatangaza kwamba mgonjwa amepona. Jua liliporudi ufa ukafunguka na sisimizi wakarudi na familia zao. Kwenye sukari yangu walifika kabla kijana hajafika na kalipa.

Siku moja alitakiwa kusafiri, akanifundisha kwanza kusoma kalipa. Nilipima siku sita bila kukosea. Tasnifu ile ina siku zangu sita ndani yake, ukurasa wa arobaini na tatu.

Wifi alinikuta siku moja nimepiga magoti kitandani na chuma mkononi. "Wifi, na wewe umeandikishwa?"

"Nimeandikishwa."

"Makubwa. Kaka yangu kajenga nyumba imsitiri, mkewe na mpangaji wanaisomea maradhi," akasema, akimtupia maneno kaka yake aliyekuwa uani. Sasa najua yale maneno yalimwingia.

Mwezi wa kumi na moja wa kupima, barua ikaja. Maprofesa watatu wa ujenzi, mmoja wao mtahini wa nje, watafika nyumbani kwetu baada ya wiki nne kuuona ufa kwa macho yao na kumhoji kijana mbele yake. Kijana akafurahi, akaenda chuoni siku nane kuchapa kazi yake. Akaniachia kalipa.

Siku ya tano nilikwenda kumwona dada yangu mkubwa, nikalala huko. Niliporudi mchana wa pili nilinusa chokaa tangu mlangoni. Timazi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mwiko mapajani, amevaa shati safi. Ukuta ulikuwa mweupe mpaka ubavuni mwa kabati, umenyooka. Lipu ile ungeweza kujitazamia.

"Mume wangu, umefanya nini?"

"Mama watoto, maprofesa wa ujenzi. Watatu. Waje nyumbani kwa mwashi waone ufa?"

"Ndicho wanachokuja kuona."

"Ndiyo, na ndiyo maana nimewahi." Akanyoosha kopo la maziwa. "Skrubu zake sijatupa. Nimemwekea humu."

Kijana aliporudi tulimpa kiti kwanza. Akaingia, akatazama ukuta, akagusa pale palipokuwa na ufa, kisha akakaa chini sakafuni na begi lake bado begani. Hakulia wala hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Mama yangu alishawaambia darasa la nne kwamba narudi."

Timazi akatoka uani, akarudi na patasi na nyundo. "Mwanangu, usihangaike. Nionyeshe ulipita wapi, nikuchongee mwingine kama ule. Hata kuliko ule."

"Ahsante, mzee. Ufa wa kuchonga hausemi kweli."

Tukabaki na njia moja, kungoja upasuke wenyewe. Kiangazi kilikuwa kikali, ardhi ilikuwa inakauka, na kijana alisema ukuta hauna hiari, utafunguka. Kwa hiyo wiki tatu nyumba yetu ilikuwa inaombewa ufa. Nikaacha kumwaga maji ya kufulia nyuma ya ule ukuta ili pazidi kukauka. Kila asubuhi saa moja sote watatu tulisimama mbele ya lipu. Timazi aliigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Bado," alisema, na masikini hakujua aseme kwa huzuni au kwa fahari. Siku ya kumi fahari ilimzidi. "Mtangoja sana. Hiyo niliichanganya mwenyewe."

Wifi akapita na ndoo. "Jamani, kaka, hata safari hii tu huwezi kuharibu kazi?"

Kitu kimoja kizuri nilikiona: sisimizi walikwisha. Nilifurahi kimyakimya, nikaona aibu kufurahi.

Siku yenyewe ikafika na ukuta hauna hata unywele. Maprofesa walivua viatu mlangoni. Msimamizi akasimama karibu na dirisha. Wa pili akaegemea kabati. Mtahini wa nje, mtu mnene mwenye miwani ya kuning'inia, alikosa pa kukaa, akakaa kitandani upande wangu. Kijana akasimama mbele ya ukuta mweupe amevaa tai.

Mtahini wa nje akautazama ukuta, akaitazama tasnifu, kurasa mia na ishirini. "Kijana, ufa uko wapi?"

"Ulizibwa, profesa. Siku ishirini na mbili zilizopita."

"Na nani?"

Timazi akapiga hatua mbele, mikono nyuma kama mwanafunzi. "Na mimi. Ndiye niliyeijenga nyumba."

Profesa akanyanyuka, akapapasa lipu, akaitazama kwa pembeni ili aione inavyopokea mwanga. "Kazi nzuri," akasema. Timazi akainamisha kichwa, maana sifa aliyoingoja miaka arobaini ilikuwa imemjia siku mbaya. Profesa akarudi kitandani. "Lakini hatukuja kuitahini lipu. Siwezi kutia sahihi ufa ambao sikuuona."

Mimi nilikuwa nimeingia na chai. Sinia niliiweka juu ya stuli, nikabaki hapo, sikutaka kumwacha yule mtoto peke yake. Msimamizi alikuwa anaanza kusema habari ya kusogeza mwaka, na kijana mwaka hakuwa nao, nilipotupa jicho kwenye bakuli la sukari. Palikuwa na sisimizi.

Walikuwa wengi, kila mmoja na punje yake, wamepanga mstari kutoka bakulini, mguu wa stuli, sakafuni. Niliwafuata kwa macho. Walipita katikati ya soksi za profesa wa pili wakaingia chini ya kabati, na hawakutokea upande wa pili.

"Samahani, profesa," nikasema. "Ondoka kwenye kabati langu."

Akaniangalia. "Mama, wewe ni nani katika utafiti huu?"

"Ukurasa wa arobaini na tatu. Lisogezeni."

Lile kabati linahitaji wanaume wanne, na wanne ndio niliokuwa nao mbali na kijana. Msimamizi, mtahini na mwenzao walisukuma kwa soksi, wanateleza, Timazi anawaelekeza kama vibarua: "Wewe mwenye miwani, kwa bega, si kwa tumbo." Likasogea.

Ufa ulikuwa pale, mpya, kingo zake kali, kutoka sakafuni mpaka karibu na kimo cha kabati, shibiri tatu kutoka ukingo wa lipu ya mume wangu. Sisimizi waliingia na sukari yangu bila kutujali.

Kijana akapiga magoti na tai yake. Ufa huu haukuwa na skrubu, akapima mdomo wenyewe, mara tatu. "Milimita tatu na nukta sita."

Mtahini akafunua tasnifu. Kijana alikuwa ameandika kwamba mwezi ule ufa wa zamani ungepanuka mpaka tatu na nukta nne. Profesa akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Alisema namba zile zingelingana kabisa asingeamini, maana namba zinazolingana kabisa hupikwa. Akamuuliza kijana ufa umehama kwa nini.

"Kwa sababu lipu ya mzee ina nguvu kuliko ukuta," kijana akasema. "Ardhi ilitaka kufunguka. Ilipokuta mlango umefungwa, ikafungua wa pili. Nyumbani tulijenga mara tatu bila kuiachia mlango. Nilikuwa sina ushahidi."

Akahojiwa saa mbili, wamekaa wote kitandani kwangu wanakunywa chai, na wakatia sahihi juu ya kabati.

Sura ya mwisho aliiandika upya, na jina la Timazi limo, kama mtu aliyefanya jaribio. Kijana alirudi kwao kwa basi lilelile. Madarasa aliyojenga yameachiwa nafasi nyembamba kati ya ukuta na ukuta, kwa makusudi, ili nyumba ipumue. Mama yake aliniandikia barua kwa mkono wake kwamba darasa la nne wako ndani, mwaka wa sita huu. Mjomba haijulikani anasemaje.

Huo ufa wa pili tunao. Siku kijana alipoondoka Timazi alichukua mwiko, akasimama mbele yake muda mrefu, akatoa timazi mfukoni akapima, akairudisha.

"Huuzibi?" nikamuuliza.

"Nikiuziba huu utahamia kwa dada," akasema.

Upande wa pili wa ukuta tukasikia kiti cha wifi kinasogezwa. Mume wangu akautazama mwiko tena, anafikiri.