Vijiti vya Kupimia Sukari

Rukaiya si mtu mbaya, niseme hilo kabla hasira haijanipanda. Babu yake alitoka Kilwa na mzigo wa vitambaa, akaoa hapa Mbamba Bay, na mjukuu akaishia kuwa na duka la dawa karibu na soko. Kwake kila kitu kiliuzwa rejareja: panadoli mbili, kipande cha sabuni, majani ya chai ya birika moja. Maskini walimpenda.

Mdogo wangu Gaudiosa alikuwa na ugonjwa wa sukari, na alijidunga insulini kwa kufuata namba ya mashine ya kupimia sukari. Namba ikidanganya, amekwisha. Kichupa kizima cha vijiti vya kupimia hakukimudu, basi Rukaiya, shoga yake tangu shuleni, akawa anakifungua na kumuuzia viwili vitatu, amevifunga kwenye gazeti kama karanga.

"Shoga, ukose kupima na mimi nipo?"

Jamani, tulimshukuru! Mpaka kanisani tulimwombea, na yeye Mwislamu.

Masika ikaingia. Huku ziwani wakati huo hata chumvi inalowa mezani. Gaudiosa akashikwa na kiu isiyokatika, mashavu yakamwisha. Akipima, mashine inasema tatu. "Sukari imeshuka," Rukaiya akasema. Akamzuia sindano, akamkorogea uji wenye sukari nyingi, akamlisha kwa mkono wake. Kesho yake vilevile. Alipoanza kutapika na kuhema kama aliyepanda mlima mbio, tukambeba mpaka hospitalini.

Muuguzi Winifrida akampima kwa kijiti kutoka kwenye kichupa chake. Sukari ilikuwa imepita kipimo, mashine ikashindwa hata kutoa namba.

"Nyumbani mlipimia nini?"

Nikampa lile gazeti. Akalifungua, akatoa kijiti kimoja.

"Kijiti hiki kina kimeng'enya kinachoitambua sukari," akasema. "Kimeshikizwa kwenye utando mwembamba sana, na nguvu yake inategemea huo utando. Ukiwa mkavu, kinafanya kazi. Ukinywa unyevu unalegea, kimeng'enya kinafia humo humo, na mashine inasoma sukari kidogo wakati ni nyingi. Ndiyo maana kichupa kina dawa ya kukausha. Vijiti havitolewi mpaka dakika ya kupima."

Rukaiya alikuwa amesimama mlangoni. "Kwa hiyo ule uji..." Wema usizidi uwezo, wanasema, lakini nani angemwambia?

Gaudiosa alikata roho mchana ule, drip ikiwa bado mkononi.

Tulipomrudisha nyumbani, wanawake wakaingia kumwosha. Rukaiya akaja na ndoo ya maji ya vuguvugu, mikono ya gauni ameikunja.

"Dada, naomba nimwoshe. Nakuomba."

"Usimguse!" nikamfokea. "Umemlisha kwa mkono huo huo! Weka ndoo, utoke."

Akaiweka, akatoka. Maji mengine hayakuwepo, tukamwosha kwa hayo.