Msajili Aliyehubiri kwa Kunong'ona

Nilikuwa bado mgeni katika kazi ya kutengeneza fremu, hapa mtaa wa Jeppestown, huku kusini mwa Afrika, siku mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima sana, aliponiletea picha ya kuchorwa ya mzee mwenye ndevu nyeupe. Mzee alikuwa amevaa joho la hariri, shingoni kola ya kichungaji, mkononi ameshika funguo tele. Fremu ilikuwa imeliwa na mchwa. Mama aliniachia picha akaondoka haraka, kwa sababu gari lake lilikuwa limesimama vibaya karibu na robot, taa za barabarani wanavyoziita huku.

Zile funguo zilinisumbua. Nimekulia Tanga kwenye familia ya Kiislamu, lakini wachungaji nimewaona, na kwenye picha hushika kitabu. Nikamwita jirani yangu, dada wa Kirundi anayeshona nguo chumba cha pili.

"Mchungaji huyu," akasema. "Labda alilinda kanisa pia, kaka."

"Mlinzi avae joho la hariri?"

Akainama kuitazama picha kwa karibu.

Mama aliporudi, nilimwuliza hata kabla hajaikagua kazi. Akavuta stuli, akakaa. Mzee wa pichani alikuwa babu wa bibi yake, akasema, wa karne ya kumi na tisa, huko ng'ambo. Alichunga kanisa dogo mpaka ugonjwa wa koo ukampokonya sauti. Waumini wa nyuma wakawa hawamsikii. Marafiki wakamtafutia kazi chuo kikuu, akawa msajili. Aliandikisha wanafunzi, akapanga mitihani, akahangaika hata na mapaa yanayovuja. Funguo zilikuwa za kumbi zote.

"Kwa hiyo uchungaji aliuacha?"

"Hapana. Kila Jumapili wanafunzi walijaa sebuleni kwake, wakasogeza viti mpaka magoti yakagusana. Akawahubiria kwa kunong'ona. Bibi yangu alikuwa mdogo, anakaa kwenye zulia."

Nikamtazama upya yule mzee. Nilikuwa nimemdhania mkali. Mimi mwenyewe, nilipofika mji huu bila Kiingereza cha kutosha, niliongea chini chini madukani, na watu waliinama kunisikiliza au waligeuka wakaenda zao.

Picha ilipokwisha kuchukuliwa nikamsimulia dada.

"Alikuwa anawahubiria nini?" akauliza.

Hilo sikuwa nimeuliza. Nikampigia mama simu, akacheka kidogo.

"Bibi hakujua. Alikuwa akisinzia mapema, akiamka wageni wameshaondoka."

Dada alirudi kwenye cherehani yake hajaridhika. Hata mimi sikuridhika.