Arobaini Bila Mkandaji

Kwetu Tanga, mwanamke akizaa mtoto wa kwanza hurudi kwa mama yake. Huchemshiwa maji, akakandwa kiuno, tumbo na mgongo asubuhi na jioni, akafungwa tumbo kwa kanga, akapewa uji wa pilipili manga, na hagusi sufuria mpaka arobaini itoke. Watu wa hapa nikiwaeleza wanadhani ni anasa. Anasa gani? Ndivyo mtu anavyorudishiwa mwili wake.

Mimi nilizaa Toronto, theluji imeshageuka barafu nyeusi kando ya njia. Mama yangu alinyimwa viza. Tulikaa Flemingdon Park, ghorofa ya juu kabisa, mimi na mume wangu, na yeye alipakia mizigo uwanja wa ndege kwa zamu zisizo na kichwa wala miguu. Mama yake alikaa Pickering, nje ya mji. Alikuwa akija Jumamosi na sufuria ya supu, anakaa kwenye ncha ya kiti bila kuvua koti, anamwombea dua mtoto, anaondoka. Hakunigusa hata bega. Nikajua hanipendi.

Nilinunua kadi ya simu nikampigia mama.

"Mwambie mumeo achovye taulo kwenye maji ya moto," alisema, "akamue, akukandamize hapo chini ya kitovu. Asiogope!"

Mume wangu alichovya, akaungua vidole, akacheka. "Mke wangu, mimi nimezoea masanduku. Mwili wa mtu siujui."

Sikucheka.

Niseme wazi tatizo lilikuwa nini, maana wakati ule sikumwambia mtu. Niliogopa mikono yangu. Mtoto akilia, mabega yalinipanda mpaka masikioni, taya zikakazana, na mikono ikataka kumtikisa anyamaze. Nilimlaza kitandani kwake, nikafunga mlango, nikasimama bafuni na bomba wazi nisimsikie. Nikajiambia ni mwili tu. Sijakandwa, ndiyo maana. Nikikandwa yataisha.

Kwenye maduka ya Don Mills palikuwa na chumba cha kukandia cha Wachina, kati ya fundi viatu na muuza simu. Arobaini ilikuwa bado, lakini nani alikuwa ananihesabia? Nikamfunika mtoto kwenye kigari, nikachukua kanga na chupa ya mafuta ya nazi, nikaenda. Mkandaji alikuwa mama wa makamo, anakula tambi huku anaangalia tamthilia. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaweka vijiti chini.

"Amezaliwa lini?"

Nikamwambia.

"Hapana. Mwezi bado. Rudi nyumbani, baridi mbaya. Mama yako wapi?"

Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kuombea maji, lakini hilo nililielewa vizuri sana. Kumbe na kwao mzazi hufungiwa ndani, analishwa, hatoki. Nimevuka bahari nzima kuja kufukuzwa na mila ileile niliyoshindwa kuitimiza! Akamvutia mtoto kofia mpaka kwenye nyusi, akanifungulia mlango.

Kwenye basi nilitukana njia nzima, kwa Kiswahili, nikijua hakuna atakayenielewa. Bibi mmoja wa Kihindi aliyekaa mbele yangu, mtandio wake safi, mkoba magotini, akageuka taratibu.

"Mwanangu, matusi ya Mombasa nimeyasikia, lakini hayo yako ni makubwa. Mtoto anasikia."

"Ana wiki tatu, bibi, hajui kitu."

"Basi mimi nasikia."

Siku nyingine ningecheka.

Arobaini ilipotoka nikarudi kwa yule Mchina. Safari hii alinipokea, mtoto nimemwacha na baba yake. Hakutaka mafuta yangu wala kanga yangu. Alinilaza kifudifudi kwenye kitanda chenye tundu la uso, akanifunika shuka, akaniingizia kiwiko kwenye bega kama mtu anayefungua mlango uliokwama. Niliuma meno. Hakuwa na huruma, wala hakuacha kuangalia tamthilia yake. Mara akasimamisha mkono.

"Wewe hasira nyingi. Hasira inakaa kwenye ini."

Nikamwambia kwetu pia mtu hukatwa maini, na langu limekatwa siku nyingi. Akadhani nalalamika, akakandamiza zaidi.

Nikawa mteja wake. Sitasema uongo, alinisaidia. Shingo ikageuka, mabega yakashuka, nikaanza kusinzia kwenye basi nikirudi. Mume wangu akafurahi, akasema sura yangu imerudi.

Alasiri moja nilitoka pale nikiwa mwepesi. Sikuwa na maumivu popote, tumbo limeshiba, na usiku uliotangulia nilikuwa nimelala. Nilipofika nyumbani mume wangu akanipa mtoto, akaenda kuvaa viatu vya kazi. Mtoto akalia. Na mikono yangu ikawa ileile. Ilitaka kumtikisa kama ilivyotaka siku zote, ila sasa sikuwa na uchovu wa kuusingizia wala bega la kulilaumu. Nilimweka chini kwenye zulia, nikarudi nyuma mpaka ukutani.

"Usiende kazini," nikamwambia.

"Kuna nini tena?"

"Usiniache naye peke yangu. Nitamwumiza."

"Umechoka tu, mke wangu."

"Leo sijachoka! Ndiyo maana nakwambia."

Alibaki na kiatu kimoja mkononi. Alimwokota mtoto, akaingia jikoni, nikamsikia akimpigia mama yake kwa sauti ya chini, kama anayetoa taarifa ya msiba. Mama mkwe akaja usiku huohuo akamchukua mtoto. Mimi mwenyewe nilimfungia mwanangu nguo zake kwenye mfuko. Walipoondoka maziwa yakatoka, yakalowesha blauzi mpaka kiunoni, na hakukuwa na wa kuyanyonya.

Jumapili tulikwenda Pickering. Nilimkuta mama mkwe amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, mtoto yuko juu ya mapaja yake, uchi, anang'aa mafuta. Alikuwa anamkanda. Kidole gumba kando ya uti wa mgongo, kiganja kwenye nyonga, anamnyoosha mkono na mguu kwa mpishano, na mtoto katulia macho wazi. Haikuwa mikono ya kujaribu. Ilikuwa mikono ya mtu aliyekanda wazazi wengi.

"Mama, kumbe unajua?"

"Nimekanda mtaa mzima, mkwe wangu."

"Mbona mimi hukunikanda?"

Akashangaa kweli. "Wewe? Mtoto wa kwanza ni wa kwenu. Mzazi anakandwa na mama yake mwenyewe. Ningeingiaje pale nimpore mama yako nafasi yake? Angesema sina adabu."

"Mama yangu alinyimwa viza!"

"Nilingoja uniite."

"Na mimi nilingoja uje!"

Nilipiga kelele. Nilimwambia alikaa Jumamosi zote na koti mwilini, na mimi mgongo umenifunguka kwa uzazi mbele yake. Nilimwambia kwamba nilimlipa Mchina kwa kazi aliyokuwa nayo yeye mwenyewe vidoleni. Mume wangu akasema, "Taratibu, huyo ni mama." Sikwenda taratibu. Mtoto alianza kulia kwa sababu ya kelele zangu, na nikagundua sikumgeukia. Kwa mara ya kwanza hasira yangu ilikuwa inamtazama mtu mzima anayeweza kuibeba.

Mama mkwe akafuta mikono kwa kanga. "Lala hapo," akasema, "nikukande hata sasa."

"Tumbo limeshakaa lilivyokaa, mama."

Akaninyooshea mtoto. Nilimpokea nikamnyonyesha palepale kwenye mkeka, mume wangu na mama yake wakiwa chumbani, na nikaomba wasitoke. Hawakutoka. Giza lilipoingia nikamrudisha mapajani kwa bibi yake, nikavaa koti, nikamwacha huko, maana zamu za baba yake zingeniacha naye peke yangu.