Kibuyu Kilichorudi na Ndagala

Maziwa ya utoto wangu yalinukia moshi. Si ule moshi wa jikoni unaokwama nguoni na kuwasha macho, bali moshi mtamu, kwa sababu wafugaji wa mlimani walikuwa wakifukiza kibuyu kwa ndani kabla ya kukamulia. Kila kiangazi, majani ya huko juu yalipokauka, ng'ombe waliteremka kutoka pande za Mulenge hadi chini ya kilima cha kwanza karibu na kijiji chetu cha Runingu, nasi watoto tuliliona vumbi lao kabla hatujaisikia miluzi ya wachungaji. Upande wa pili, kutoka ufukweni Uvira, baba alipanda na baiskeli iliyofungwa gunia la ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa waliokaushwa mchangani. Sisi tulikuwa katikati na muhogo wetu na sombe yetu, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wazazi wetu bado walikuwa wakilimishwa pamba na wakoloni watake wasitake, nami nilikuwa na miaka minane hivi. Nilidhani dunia nzima imepangwa hivyo: ng'ombe wanashuka, ndagala wanapanda, na muhogo unawangoja.

Mwaka ninaousimulia, mama alishikwa na homa kali na maziwa yake yakakauka, mdogo wangu Bisimwa akiwa hajaanza hata kutambaa vizuri. Tulimpa uji mwepesi, akautapika. Miguu yake ikawa myembamba hadi majirani wakaacha kuuliza habari zake, na mtoto akifika hapo unajua watu wameshaanza kujiandaa. Ndipo Mama Namahoro, mke wa mfugaji mmoja aliyepiga kambi chini ya kilima, alipokuja kutafuta unga kwetu. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Alimnyanyua Bisimwa, akamtazama machoni, akamrudisha mkekani. "Mutoto huyu haiko na ugonjwa," alisema. "Iko na njaa. Weye dada yake, kesho asubui ukuje kwangu."

Basi nikawa mtu wa kwenda kambini. Asubuhi nilipokea kibuyu kimejaa, jioni nilikirudisha. Mama alinipa sharti moja: nisikioshe, Mama Namahoro mwenyewe anajua namna ya kukisafisha. Mara kwa mara alituma viazi vitamu au unga, lakini kwa kikapu, mbali na kibuyu. Sikuuliza sababu. Watoto wa siku zile tuliambiwa la kufanya, na sababu tuliikuta mbele ya safari, mara nyingi tukiwa tumeshaharibu. Maana mama huyo huyo alikuwa amenifundisha jambo jingine tangu naanza kusimama: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Hata ikiwa sahani ya chumvi, unaweka humo chochote, ndizi moja, konzi ya maharage, ili mwenzako ajue umeona wema wake.

Baada ya wiki kadhaa, Bisimwa alishika nguzo ya nyumba akasimama. Mama alikuwa shambani, siku yake ya kwanza tangu homa, kwa hiyo niliona peke yangu, na furaha ikanijaa hadi nikashindwa kutulia. Nilitaka kumshukuru Mama Namahoro kwa kitu kizuri kuliko vyote nyumbani mwetu. Baba alikuwa ameleta ndagala jana yake, wakubwa, waking'aa kama sindano mpya. Niliwachagua mmoja mmoja, nikawajaza ndani ya kibuyu cha maziwa, nikakifunika vizuri. Kwamba watu wale hawali samaki, na kwamba waliamini harufu ya samaki ikigusa chombo cha maziwa ng'ombe atakauka kiwele, watu wazima wote wa Runingu walilijua. Mimi hakuna aliyeniambia.

Mama Namahoro alifunua, akakiweka kibuyu chini taratibu, akarudi nyuma hatua mbili. Mume wake, mzee aliyekuwa ameketi karibu na ndama, alisimama, akasema neno kwa lugha yao, akawaswaga ndama upande wa pili. Mimi, kwa upumbavu wangu, nilifikiri zawadi imekuwa ndogo. "Rudi nyumbani, mutoto," Mama Namahoro alisema. "Na kibuyu uende nayo." Hakunikaripia, na hilo ndilo lililonitisha. Kesho yake sikuthubutu kwenda, na hakuna aliyeniita. Bisimwa alilia hadi sauti ikamkauka.

Mama aliponibana nilisema yote, nikijiandaa kwa fimbo. Alikaa chini. "Kosa iko yangu," akasema. "Nilikufunza nusu." Jioni ile tulikwenda pamoja, yeye bado akiyumba kwa udhaifu, na hakuingia kambini, alisimama mbali, penye njia, hadi Mama Namahoro alipomfuata. Mama alimweleza kwamba kwetu chombo kikirudi kitupu ni kama matusi. Mama Namahoro alinigeukia. "Kwetu kinarudi kitupu," alisema, "ili kijazwe tena." Kisha wanawake wale wawili wakaanza kucheka polepole, na mimi nikalia, maana nilielewa kwamba ndugu yangu atakunywa.

Lakini kibuyu kile kilikuwa kimekufa kwa maziwa, na kambini kilibaki kimoja tu, cha yule mzee mwenyewe, ambaye maziwa ndiyo yaliyokuwa karibu chakula chake chote. Ndicho alichokubali tupewe. Mtu aliyeamini kwamba nimewatia ng'ombe wake hatarini alikaa na kiu hadi jioni, akingoja mimi, mimi yule yule, nimrudishie chombo chake. Hadi leo sijaona utu uliozidi ule. Nilikibeba kwa mikono yote miwili, mbali na nguo yangu, baada ya kunawa kwa majivu ili kuondoa harufu ya samaki. Na mchana nilizunguka Runingu nyumba kwa nyumba nikitafuta kibuyu ambacho hakijawahi kutiwa kitu. Hiki kilikuwa cha pombe, kile cha mafuta, kingine cha mbegu. Siku ya tatu nilikipata kwa mjane mmoja kando ya mto, kikavu, mbegu zake mwenyewe bado zikilia ndani. Nilimtwangia sombe siku mbili kwa hicho. Mama Namahoro alikisafisha, akakifukiza, na mzee akarudishiwa chake. Mvua zilipoanza na ng'ombe wakapanda, Bisimwa aliwafuata ndama kwa miguu yake hadi mtoni, akarudishwa akipiga kelele.

Sasa naishi Uvira, na Bisimwa ni babu mwenye kitambi. Maziwa tunanunua ya unga, ya kopo, yametoka nchi nisizozijua, na samaki wa barafu wanasafiri mbali kuliko baba na baiskeli yake, lakini hawamkutanishi mtu na mtu. Njia ya mlimani imejaa woga wa bunduki. Watu waliolelewa kwa kibuyu kimoja wanapata habari za wenzao redioni, na habari zenyewe ni mbaya. Hilo linaniuma. Hata hivyo mjukuu wa Mama Namahoro anauza maziwa hapa mjini, na kila Jumamosi ananiletea kwa bidoni ya njano, lile dumu la plastiki. Ndagala anakula, tena kwa pilipili, na miiko ya bibi yake inamchekesha. "Bibi, bidoni weka tu ndagala ndani, minye sina shida," aliniambia juzi.

Ndagala wake nilimfungia pembeni, kwenye mfuko. Kisha nikanawa mikono kwa majivu, nikachukua ile bidoni ya plastiki, nikamrudishia tupu.