Ruta Iliyonikatiza Kauli Marangu

Bosi alinishusha getini Marangu asubuhi, akaniachia begi la vifaa na maneno haya: "Wageni wanashuka mlimani saa kumi. Wakikuta mtandao, majaribio yako yameisha, umeajiriwa. Wasipokuta, napanda mwenyewe kumalizia, halafu tutaongea." Akageuza gari kurudi Moshi mjini. Nilibaki nikilichambua hilo "tutaongea." Mtu anayetaka kukufukuza haongei, anafukuza tu. Au anaongea kwanza?

Nyumba ya wageni ilikuwa ndogo, ya familia, katikati ya migomba na mibuni. Nilitakiwa kuipanga upya ruta, kifaa kinachogawa mtandao, wageni wapate mtandao wao, na ofisi na jiko wapate wao. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyefunga kitenge juu ya sweta, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Huo uso haujala. Ngoja nikuletee chai."

Kwetu huku, ukikataa chai ya mwenye nyumba umejitafutia ugomvi na ukoo mzima. Nikashukuru, nikakaa ofisini, nikaunganisha kompyuta na ruta kwa waya, nikaanza kuandika amri ya kwanza. Nilipofika katikati, ruta ikaropoka kwenye skrini: porti ya tatu, yaani tundu la waya la tatu, imezimika. Baadaye: imewaka. Imezimika. Imewaka. Kila ujumbe ulidondokea katikati ya maandishi yangu, amri ikakatika vipande, nisijue nimeandika nini.

Nadharia naijua. Herufi ulizoandika ruta bado inazikumbuka, unaweza kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Lakini mimi nimelelewa kwamba mkubwa akiingilia unanyamaza, na akimaliza unaanza upya. Basi nilifuta yote, nikaanza upya. Chai ikaja, nikainywa harakaharaka.

"Kazi inakwenda?"

"Inakwenda, mama, ila inanisumbua kidogo."

"Pole, mwanangu. Ngoja nikuongezee."

Ruta ikaropoka tena.

Hadi mchana nilikuwa nimekunywa chai, kahawa, na chai nyingine, na mipangilio haijafika popote. Nikachoka. Nikaandika amri ya kuzima ujumbe wote kwenye skrini, na kimya kikatanda. Raha niliyoisikia haikumaliza hata dakika. Ruta imenyamaza kwa sababu mambo ni mazuri, au kwa sababu nimeiziba mdomo? Kama porti ya tatu ni mbovu, wageni watakuja, jiko halitapokea oda zao, bosi atapanda, na tutaongea.

Nikaurudisha ujumbe. Safari hii niliongeza amri niliyoikumbuka kutoka chuoni, logging synchronous, ambayo huifundisha ruta adabu: inasema lake, kisha inakuandikia tena, kwenye mstari mpya, yale uliyokuwa unaandika. Sasa nilifanya kazi bila kukatizwa, na kwa mara ya kwanza niliusoma ujumbe wenyewe badala ya kuukasirikia. Porti ya tatu ilikwenda jikoni. Ilizimika, ikakaa hivyo kidogo, ikapepesa, ikawaka. Muda si mrefu, kama mara zile nyingine, mama akatokea na kikombe.

Nilikitazama kile kikombe kwa hofu.

"Mama," nikasema, baada ya kuipanga sentensi kichwani mara nyingi, "birika la umeme unalichomeka wapi?"

"Pale ukutani. Nachomoa kile kijisanduku chenye taa za kijani, maji yakichemka nakirudisha. Soketi yenyewe imelegea, mpaka ukitikisetikise."

"Mama, kijisanduku hicho ndicho kinachopeleka mtandao jikoni."

"Yesu na Maria! Kwa hiyo ni mimi?"

"Si wewe, mama. Ni birika."

"Kwani birika linajichomeka lenyewe?" Alicheka mpaka akaegemea mlango. "Na wewe umekunywa vikombe vyote hivyo kimya! Si ungesema umetosheka?"

"Ningesemaje, mama?"

Akafikiri. "Kweli. Ningesema umekosa malezi."

Nilihamishia kijisanduku kwenye ekstensheni iliyokuwa begini, nikakaza plagi, nikarudi kumalizia. Ruta haikuropoka tena. Wageni walipoingia getini na vumbi lao, simu ya wa kwanza ilishika mtandao kabla hajavua buti, akawa anamwonyesha mtu wa kwao kwa video pua yake iliyobabuka.

Nikampigia bosi.

"Mtandao unafanya kazi?"

"Unafanya, bosi."

"Tatizo lilikuwa nini?"

Nikamwonea mama huruma. "Porti ya tatu ilikuwa inakosa umeme."

"Umehifadhi mipangilio?"

"Nimehifadhi. Nikahifadhi tena."

"Sawa. Kesho kuna kazi Chekereni. Nenda mwenyewe."

"Kwa hiyo nimeajiriwa, bosi?"

"Wewe unaonaje?" akasema, akakata simu.

Swali gani hilo la kumwachia mtu kama mimi?